Kifuko Nilichokisahau Saluni

Siku chache kabla sijatoka eda, wifi yangu alikuja kutoka Tudor na nguo mpya iliyokunjwa ndani ya karatasi, akaiweka kitandani kwangu na kuniambia kila kitu kimeshapangwa. Kwetu, upande wa mume ndio unaomtoa mjane eda. Wao hununua nguo, udi na manukato, na wao hulipia nywele na hina. Marehemu mume wangu hakuwa na dada mwingine ila huyu mmoja, mkubwa wake, na yeye ni mtu asiyependa jambo lifanywe nusu.

"Saluni gani waitaka?" akaniuliza.

Nilimtajia ile iliyopakana na kibanda cha marehemu, alichokuwa akitengenezea cherehani za watu, vichochoro viwili kutoka nyumbani kwetu hapa Mji wa Kale. Sikuwa nimewahi kutengenezwa nywele pale. Niliichagua kwa kuwa ni karibu, na miguu yangu ilikuwa imesahau kutembea.

Nambari ya kulipia tuliikuta kwenye simu ya marehemu. Wakati ule sikujiuliza fundi wa cherehani anafanya nini na nambari ya saluni ya wanawake. Nilidhani aliwatengenezea kitu. Wifi akaivaa miwani yake, akatuma pesa papo hapo, bila kupiga simu wala kuuliza bei. Ndivyo alivyo. Huona pesa zikifika zimeshajieleza.

"Nimemaliza," akasema. "Wewe nenda kaketi tu, wifi yangu. Wakuoshe huzuni."

Hapa inabidi nieleze habari ya kifuko. Bibi aliyenilea alinifundisha kuwa mjane hatupi nywele zake ovyo. Kila unywele unaobaki kwenye chanuo wakati wa eda huwekwa, na kucha pia, na siku akitoka vyote hutupwa baharini. Maalimu mmoja aliwahi kuniambia hiyo ni mila tu, haimo katika dini. Ninamwamini, lakini nilizikusanya vile vile. Nilishona kifuko kwa kipande cha shuka jeupe na kukitia uzi wa kukazia mdomo, nikakiweka chini ya mto. Siku ile nilikwenda nacho saluni ili nitie na zile za mwisho zitakazotoka wakinichana, kisha nishuke pwani nikamalize.

Pazia la mlangoni lilikuwa zito, na pembeni wamebandika karatasi ya kuwaambia wanaume wasiingie. Ndani kulikuwa na joto la mashine za kukaushia nywele, na harufu ya mafuta ya nazi imechanganyika na udi. Wanawake watatu wa nyumba moja walikuwa wakipakwa piko, ile rangi nyeusi ya mapambo, kwa ajili ya harusi. Wamekaa wamenyoosha mikono mapajani, hawawezi hata kujikuna.

Mwenye saluni alikuwa mwanamke wa umri wangu, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini. Tulijuana kwa salamu za kichochoroni tu. Nilichokiona kwanza ni kucha zake, zilizoingia weusi pembeni kwa kazi yake ya rangi.

"Karibu, bibi. Mungu amrehemu."

"Amin."

"Alikuwa jirani mwema sana."

"Amin," nikasema tena, na yeye hakuongeza neno. Nilimpenda kwa hilo. Watu wengi wakimpa mtu pole hutaka na yeye awasimulie.

Aliniosha polepole. Kulikuwa na muda mrefu hakuna mkono wa mtu uliogusa kichwa changu, na machozi yakanitoka nikiwa nimelala chali juu ya beseni, yakachanganyika na maji, hakuna aliyejua. Nilipokalishwa kwenye kiti, mmoja wa wale wa harusi akanitazama.

"Mtengenezeni vizuri huyo. Akitoka hapa ataposwa kabla hajafika kwake."

"Muache mwenzio," mwingine akamkemea. "Machozi hayajamkauka."

"Machozi yatakauka, mama. Hizo nywele ndizo zitakazolala mbichi. Tazama, stima zimepotea."

Kweli mashine zilikuwa zimenyamaza. Tukacheka sote, hata mimi. Mwenye saluni akanikausha kwa taulo na kipepeo cha mkono, akanifukiza nywele kwa udi, na zile zilizobaki kwenye chanuo akanipa mkononi bila kuuliza, kama anayejua mila. Nikazitia kifukoni, nikakiweka juu ya rafu mbele ya kioo nipakwe hina.

Tulipomaliza nikamshukuru, nikavaa buibui.

"Wifi yangu alishakutumia," nikasema.

Akafuta mikono. "Alinitumia nini?"

"Pesa za nywele. Na hina."

Alinitazama, kisha akatazama pazia la nyuma, lile la kutokea uani. Uani kule ndiko ulikokuwa mlango wa nyuma wa kibanda cha mume wangu. Jambo hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu macho yake yalikwenda pale na yakarudi haraka.

"Hapa hajalipa mtu nywele zako, bibi."

"Alituma mbele yangu. Hazikuingia?"

"Ziliingia."

"Basi?"

"Basi hazikuwa za nywele."

Wale watatu waliacha kuongea. Mikono yao bado imenyooka, lakini shingo zote zimegeuka.

"Za nini, kama si za nywele?"

"Si maneno ya hapa," akasema kwa sauti ya chini zaidi.

"Lo!" mmoja wa wale akasema. "Jamani na sisi tusije tukalipa mara mbili. Shangazi, umetuma?"

"Nyamaza, piko itaharibika."

Mkobani nilikuwa na pesa za kununulia mkate tu. Nilimwambia mwenye saluni nitarudi, nikatoka na uso unaniwaka. Siku yangu ya kwanza nje, na nilikuwa nimetengenezwa nywele na kuondoka bila kulipa mbele ya watu watatu wasioweza kufanya kitu mikono yao ikikauka isipokuwa kuzungumza.

Mtu asiyejua huenda akaona nilikuza jambo dogo. Lakini siku ya maziko, kabla ya kuswaliwa, shemeji yangu alisimama akatangaza kama inavyotangazwa, kwamba mwenye kumdai marehemu aje kwa jamaa, na asiyetaka kuja basi amsamehe. Alikuja muuza nyuzi peke yake, na alilipwa siku ile ile. Hilo ndilo lililonilaza usingizi eda nzima. Mume wangu alikufa kwa ghafla, hakuugua hata wiki, hakuniachia kitu zaidi ya cherehani moja na kibanda cha kukodi, lakini alikwenda hadaiwi na mtu. Nami sikutaka jina la nyumba yetu liingizwe katika deni kwa ajili ya nywele.

Nilipofika nyumbani, nikiwa navua buibui, ndipo nilipokumbuka kifuko. Kilikuwa bado juu ya rafu.

Nilimpigia wifi simu kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Ati hazikuwa za nywele? Zilikuwa za samaki?"

"Ndivyo alivyosema."

"Amekubali zimeingia, na bado ataka nyingine. Huyo ni mwizi mwenye adabu. Nakuja kesho asubuhi, na kichochoro kizima kitanijua." Kisha sauti yake ikawa nyingine. "Niambie. Kwa nini kaka yangu alikuwa na nambari yake?"

Nilisema pengine aliwatengenezea kitu.

"Saluni haina cherehani," wifi akasema, akakata.

Neno hilo lilibaki chumbani pamoja nami. Nilianza kukumbuka mambo ambayo sikuwa nimeyakumbuka kwa sababu hayakuwa na maana. Kila Alhamisi alikuwa akichelewa kufunga. Akirudi huwa ameshajisafisha, ananuka sabuni, na nikimuuliza husema mafuta ya cherehani hayatoki ila yasuguliwe hapo hapo kabla hayajaganda. Nilimwamini, kwa kuwa sijui cherehani. Ijumaa anavaa kanzu, anajitia manukato, anakwenda msikitini ametakata. Nilikuwa nikijisifu moyoni kuwa mume wangu ni mtu wa kuitukuza Ijumaa. Sasa nilijiuliza alikuwa akijitakasia nini Alhamisi. Kibanda kina mlango wa nyuma, saluni ina mlango wa nyuma, na milango hiyo yatazamana.

Na kifuko changu, mwanamke yule alikuwa nacho. Katika kifuko kile mlikuwa na eda yangu yote. Kwa watu wa kwetu nywele za mtu haziachwi mikononi mwa mtu unayemshuku. Nilijiambia ni upuuzi, nikawasha udi, nikasoma nilichoweza kusoma. Bado nilimwona akikishika kwa zile kucha zake nyeusi.

Asubuhi nilitoka mapema. Sikupita mbele. Nilipita kwenye ule mwanya unaotokea uani, kwa sababu sikutaka kukutana na mteja yeyote, na pia, niseme kweli, nilitaka kuona milango ile miwili imekaaje. Imekaa kama nilivyoiwaza. Mtu akinyoosha mkono kutoka mmoja hukaribia kugusa wa pili.

Kifuko kilikuwa pale, juu ya ngazi ya jiwe, nje ya mlango wa saluni. Kimewekwa peke yake, na kimezungushiwa chumvi ya mawe.

Nilisimama nikakitazama. Mlango ukafunguliwa, mwenye saluni akatoka na ndoo ya maji, naye akasimama. Tukatazamana juu ya kile kifuko kama watu waliokutana kwenye nyoka.

"Umekuja kukichukua?" akauliza.

"Umekitilia chumvi kwa nia gani?"

"Na wewe umeniwachia kwa nia gani?"

"Nilikisahau."

"Mjane asahau nywele zake za eda?" Aliitua ndoo. "Bibi, mimi nafanya kazi ya nywele tangu msichana. Nimewatengeneza wajane wengi. Hajatokea hata mmoja aliyesahau. Wewe umekasirika, umetoka, umeniwekea nywele za msiba mbele ya kioo ninapopambia maharusi. Msichana wangu wa kazi amekataa kuingia mpaka nikitoe. Wale watu wa harusi wameniuliza kama chumba kimefukizwa. Nikuone mwema?"

Kwa kweli sikuwa nimefikiria kwamba na yeye angeniogopa. Usiku kucha nilijiona mimi ndiye niliyeshikwa pabaya.

"Nilikisahau," nikasema tena. "Wallahi. Uliponiambia sijalipiwa nilipotewa na akili."

Alinitazama usoni kwa muda. Nadhani aliona, kwa sababu aliinama akaifagia chumvi kwa kiganja cha mkono, akakichukua kifuko na kunipa kwa mikono miwili.

"Ingia," akasema. "Hakuna wateja bado."

Tuliketi kwenye viti vya mashine, kila mtu chini ya kofia lake la plastiki, na mimi nimekipakata kifuko.

"Shemeji yako alipotangaza msikitini," akaanza, "ndugu yangu alikuwa safu za nyuma. Akaja akaniambia. Nikamtuma amwambie shemeji yako pembeni, polepole, kuwa kuna kidogo changu kwa marehemu. Shemeji yako akajibu jamaa watalipa. Nafikiri katika yale mahangaiko alisahau, na simlaumu. Mimi nikakaa kimya. Mjane akiwa eda hadaiwi. Eda inakwisha, naona pesa zimeingia kwenye simu, na jina la ukoo ni la marehemu. Hakuna aliyenipigia. Ningejuaje ni za nywele? Nikasema hawa ni watu waaminifu, wamesubiri eda iishe wakalipa deni. Tena zilipungua kidogo. Nikasema hizo zilobaki nimemsamehe. Nimetamka kwa mdomo wangu, hapa hapa, kwamba simdai tena. Kisha wewe wasimama mbele ya watu waniambia ni za nywele zako. Ningefanyaje? Nizirudishe, nimtie tena kwenye deni?"

"Mume wangu alikuwa akidaiwa?"

"Alikuwa. Sasa hadaiwi."

"Deni la nini?"

Alitazama kucha zake. "Hilo alinitaka nisimwambie mtu."

"Mimi si mtu. Mimi ni mkewe."

"Wewe ndiwe hasa uliyetajwa."

Nadhani nilisimama. "Mume wa mwenzio akuwekeshe siri asimwambie mkewe, kila Alhamisi, mlango kwa mlango, na wewe wakubali?"

Niliona likimwingia. Uso wake ulivimba kama wa mtu aliyepigwa, kisha, jambo lililonikasirisha zaidi, akaanza kutabasamu.

"Hiyo akili yako irudishe nyumbani, bibi. Ufunguo wa kibanda unao?"

Nilikuwa nao. Nilikuwa nautembeza kwenye mkoba tangu afariki na sikuwa nimeutumia.

"Kafungue. Tazama kwenye kisanduku chake cha vifaa, chini kabisa. Usipoona kitu, rudi hapa nikushikie msahafu."

Kibanda kilinuka kutu na vumbi la vitambaa. Cherehani ya mteja mmoja ilikuwa bado wazi mezani, tumbo nje, na bisibisi pembeni yake pale pale alipoiweka. Nilikaa kwenye kigoda chake kwanza. Nilijiambia kuwa nikikuta kitu cha mwanamke, hereni au leso au chupa ya manukato, sitalia na sitamwambia mtu. Nitakitia kwenye kifuko pamoja na nywele nikitupe.

Katika kisanduku mlikuwa na sindano, mikanda, skrubu kwenye kopo la maziwa, na chupa ya mafuta. Chini ya hivyo vyote palikuwa na mswaki wa meno, nyuzi zake nyeusi na ngumu kama za fagio. Mswaki ule niliufahamu. Nilikuwa nimeuona mara nyingi nilipomletea chakula cha mchana, umelala pembeni ya kazi yake, nikadhani ni wa kusugulia grisi. Mara moja nilitaka kumnunulia mpya, akacheka akasema huo umeshazoea.

Niliunusa. Haukunuka mafuta ya mashine hata kidogo. Ulinuka Ijumaa.

Sijui kusema vizuri zaidi ya hapo. Chini ya manukato na chini ya sabuni, mume wangu kila Ijumaa alikuwa na harufu moja kali kidogo, ambayo nilidhani ni ya ngozi yake. Ilikuwa kwenye mswaki. Pamoja na mswaki palikuwa na kisahani cha chai chenye duara jeusi kavu, na pakiti ndogo iliyokunjwa mdomo. Juu ya pakiti palikuwa na picha ya mwanamume mwenye ndevu nyeusi tii, ananitazama kwa kujiamini.

Mume wangu alinizidi umri kwa miaka kumi. Mimi nilianza kuota mvi mapema, na yeye alikuwa akinitania kwamba nimekimbia nikamwacha nyuma. "Sisi ukoo wetu hatuoti mvi," alikuwa akisema, akijipitisha mkono kidevuni. Wifi naye husema hivyo hivyo, neno kwa neno. Imamu wa msikiti alikokuwa akiswali alikuwa mkali juu ya rangi nyeusi, akisema hina ya kawaida yafaa, nyeusi haifai, na mume wangu alikuwa safu ya mbele akitikisa kichwa kukubali. Siku aliyokufa nilimfunua uso kumuaga. Ndevu zilikuwa nyeusi. Ilikuwa Jumamosi, hazikuwa zimepata muda wa kumfichua.

Nilicheka peke yangu ndani ya kibanda mpaka nikaogopa mtu asisikie. Baadaye nilikasirika kidogo, na niliona haya kumkasirikia maiti, lakini nilikasirika. Miaka yote ile alinichekea mvi zangu, na zake zilikuwa kwenye kisahani.

Nilirudi uani. Mwenye saluni alikuwa mlangoni, amekunja mikono.

"Alikuwa akichukua pakiti kwangu," akasema, "na wakati mwingine alinipa kichwa dirishani hapo nimtengenezee nyuma asikoweza kufika. Mwanzo alilipa. Kazi ilipopungua akawa akisema andika, na mimi siandiki, nakumbuka. Hakuwa akiingia ndani, na mimi sikuwa nikitoka. Nilicheka naye, sikatai. Alikuwa mtu wa mzaha."

"Alikuwa," nikasema.

"Ndiyo sababu sikuweza kusema mbele ya wale wanawake. Ingefika msikitini kabla ya swala ya alasiri."

Tulikuwa bado tumesimama hapo wifi alipofika. Tulimsikia kabla hatujamwona. Alishuka kwenye tuktuk upande wa mbele, akagombana kidogo na dereva, kisha akafungua pazia kwa mkono mmoja, nasi tukaingia ndani kumpokea.

"Yuko wapi mwenye duka hili? Naambiwa pesa zangu si za nywele. Nimekuja kuelezwa ni za nini."

"Sabalkheri, dada," mwenye saluni akasema.

"Si kheri bado. Nieleze."

Mwenye saluni akanitazama mimi. Hakufungua mdomo. Ahadi aliyompa maiti alikuwa bado anaishika, na sasa ilikuwa juu yangu. Wifi akishasema jambo kichochoroni halirudi. Angemtangaza yule mwanamke kuwa mwizi, au angemtangaza kuwa kitu kibaya zaidi, na jina la kaka yake lingekwenda nalo.

"Zilikuwa za deni la marehemu," nikasema. "Ni deni la kweli. Nimelithibitisha mwenyewe asubuhi hii."

"Deni la nini? Kaka yangu na saluni ya wanawake?" Sauti ilimtetemeka, nikajua na yeye hakulala. "Wifi, usinifiche. Wewe hujui kusema uongo, sema tu. Alikuwa na mtu?"

"La. Naapa hakuwa na mtu."

"Basi alikuwa akinunua nini?"

Sikutaka kusema na sikuweza kudanganya. Wifi akainama kutafuta simu mkobani ili atuonyeshe ujumbe wa malipo, kama kwamba kuna aliyeukataa, na mtandio wake ukateleza. Nilikuwa nimetoka kutazama kisahani, na macho yangu yalikuwa yameshafunguka. Katikati ya kichwa chake, pale nywele zinapogawanyika, palikuwa na mstari mweupe mwembamba kama uzi, na pande zote mbili za mstari ule nywele nyeusi tii.

Mwenye saluni naye aliuona. Ni kazi yake.

"Wifi," nikasema polepole, "alikuwa akinunua kitu ambacho hata wewe wakijua."

Aliinua uso. Aliona tunakotazama. Mkono wake ukaenda kichwani kabla hajauzuia, na mtandio ukarudi mahali pake.

"Yule naye?" wifi akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Kila Alhamisi," mwenye saluni akasema.

"Aliniapia! Tulikaa pale kwangu siku ya Idi, akaniambia dada, tazama, mimi na wewe tumemrithi mama, hatuzeeki. Na mimi nikamwambia ndiyo, kaka yangu, tumemrithi mama." Aliketi chini ya kofia la mashine. "Mwongo mkubwa yule. Na mimi mwongo mkubwa."

Akacheka, kisha kicheko kikageuka, na alilia kwa namna ambayo hakulia maziko yote, alipokuwa akipika, kupokea wageni na kuamrisha watu. Mwenye saluni alimpa taulo. Mimi nilimshika bega. Hatukumharakisha.

Alipomaliza alijifuta, akafungua mkoba tena. "Haya. Nimlipie huyu nywele zake, tuishe."

"La," nikasema. "Wewe umemlipia kaka yako deni, na hilo ni kubwa kuliko nywele. Hizi ni zangu. Nitazilipa mwenyewe."

"Kwa nini? Mila ni upande wetu."

"Upande wenu umeshatoa."

Wifi alitaka kubisha, lakini nadhani alichoka. Mwenye saluni akasema pesa si lazima, pazia lake la mbele limechakaa na taulo zake zimeachia nyuzi, na kama cherehani ya marehemu bado inakwenda basi tumeshaelewana. Sikuwa nimeigusa cherehani ile tangu afariki. Nilisema inakwenda. Kisha mwenye saluni akamgeukia wifi, akamuuliza kwa adabu kabisa kama angependa auweke sawa ule mstari, kwa kuwa ameshafika. Wifi akamwuliza bei kwanza, na akalipa kabla hajakaa, akamwonyesha ujumbe na kusema kwa sauti: "Hizi ni za nywele. Zangu. Mimi niliye hai."

Nilishuka pwani peke yangu jioni ile, karibu na pale wanapopakulia samaki, nikakitupa kifuko. Mswaki sikuutupa. Nilikuwa nimeshautia kifukoni na nikautoa tena.

Pazia nilimshonea wiki iliyofuata, nikiwa nimeketi kwenye kigoda chake, mlango wa nyuma uko wazi. Mambo ya shaka hayakuniisha yote. Naweza kusema mume wangu nilimjua, lakini siwezi tena kuapa, na nikiwa peke yangu huwa najiuliza ni nini kingine nilichokiona kila siku nikadhani ni cha kusugulia grisi. Na Ijumaa watu wakitoka msikitini, nikimwona mzee ana ndevu nyeusi tii, nasimama kando ya njia kama nampisha, kisha namtazama vizuri pale chini ya kidevu, karibu na ngozi.